Nyuma ya Jiko

Mtwapa, 3 Februari 2025

Baba Mwaro,

Salamu. Mimi mzima, kazi ya kupikia watu inaendelea.

Usinipigie simu, namba yako nimeifunga. Kwenye simu una maneno mazuri sana, mtu akishakata ndio anajiuliza, hivi nimeambiwa nini? Nataka uandike. Cynthia wa dada yako anapita huko Ngomeni na huku Mtwapa na viatu vyake vya kuuza. Mpe yeye.

Jana jirani yetu Viola alinipigia. Anasema nyumba yetu ya Takaungu imeshabomolewa, jiko nalo limebomolewa, na mwenye shamba mpya ameleta mafundi. Wanapima pa kujenga na pa kuchimba shimo la choo. Viola akaniuliza, "Mama Mwaro, na kule nyuma ya jiko mmepanga vipi?" Nikamwambia tumepanga. Nikakata simu, nikaunguza wali wa tajiri.

Swali langu ni moja. Mwaka jana uliponiletea karatasi nitie sahihi kwamba nimekubali uuze, uliniambia mkataba umekiacha kile kipande cha nyuma ya jiko. Ukasema kitabaki chetu, na njia ya kuingilia tutapewa. Binti yetu Mapenzi amelala pale. Aliishi miezi minne, na sasa ni miaka kumi na minane yuko pale.

Kimeachwa, au hakikuachwa?

Zipporah

*

Ngomeni, 8 Februari 2025

Mama Mwaro,

Barua yako nimepata. Nimefurahi kuona mwandiko wako hata kama maneno ni makali.

Mambo yote ni sawa. Kazi ile ilifanywa na wakili, si mimi, na mawakili wanajua kuandika. Kipande kimeachwa, kimeandikwa humo. Wewe ulipewa ile karatasi ya mwisho peke yake kwa sababu mkataba wenyewe ni mrefu na ni wa Kiingereza, ungekuchosha bure. Viola ana mdomo, siku zote. Mwenye shamba, Mama Monicah, ni mtu wa kanisa, alikuwa nesi huko bara mpaka akastaafu. Hawezi kufanya jambo baya. Lakini kwa vile una wasiwasi nitakwenda mwenyewe niwaone mafundi wake.

Huku kwenye mashamba ya chumvi jua ni kali. Lile lori nililonunua liko gereji, litatoka. Mwaro ameniambia ulimlipia karo ya chuo. Ahsante.

Usilie.

Baba Mwaro

*

Mtwapa, 15 Februari 2025

Ngumbao,

Leo sikuiti kwa jina la mtoto.

Niliomba ruhusa Alhamisi nikaenda Kilifi kwa wakili. Karani wake ni msichana mmoja anaitwa Easter, ana adabu. Akaniambia shikamoo mama, akanipa kiti, akatoa faili. Nikamwambia, "Mwanangu, nisomee kwa Kiswahili, taratibu, mimi sina haraka." Akasoma kurasa saba. Hakuna jiko, hakuna kipande, hakuna njia. Nikamwambia asome tena. Akasoma tena, maskini, na chai yake inapoa.

Halafu akatoa karatasi nyingine. Akasema, "Hiki ni kiapo cha mzee." Umeapa, na muhuri upo, kwamba kwenye shamba lile hakuna kaburi lolote. Barua ya chifu inasema vivyo hivyo, na wazee watatu wametia vidole.

Easter akaniuliza, "Kwani kaburi lipo, mama?" Nikaomba maji.

Mimi si malaika. Pesa uliyonipa nilipokea. Nililipa karo ya Mwaro, nikanunua friji. Nilikula. Lakini nilikula nikijua mwanangu ameachiwa mahali pake.

Niandikie yote uliyofanya. Usinitulize, mimi si mtoto wa kutulizwa.

Zipporah

*

Ngomeni, 20 Februari 2025

Mama Mwaro,

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Hii sichani.

Kwanza, ile ya tarehe nane ni uongo. Kipande hakikuachwa. Wakili aliniuliza kama kuna sehemu naitoa, nikasema hakuna. Aliniambia nikitoa itabidi mpima arudi, hati igawanywe mbili, tungoje miezi sita mingine, na mnunuzi anaweza kwenda kwengine. Nami nilikuwa nimeshapeana mkono na mwenye lori. Nilitaka watu wa Ngomeni waache kuniona nikipakia chumvi ya wenzangu kwa beleshi na umri huu. Basi. Ningekuwa na sababu kubwa kuliko hiyo ningekuandikia, lakini sina.

Pili, kile kiapo. Chifu alituita ofisini, mimi na wazee watatu. Akauliza, "Shamba la Ngumbao lina kaburi?" Mzee Dena akamjibu, "Baba yake tulimzika kule kwa kaka mkubwa, na mama yake tulimzika huko huko. Kwa Ngumbao hakuna." Wakageuka kunitazama mimi.

Sasa wewe unajua kwetu kulivyo. Mtoto ambaye hajaota meno anazikwa na akina mama peke yao. Mwanamume hashiki jembe, haambiwi mahali, na haulizi. Ile siku nilitoka Ngomeni mbio nikakuta uwanja umeshafagiwa, umekaa na mama yangu na bibi yetu hawe Kahonzi, nyote watatu mnanitazama. Nikaoga, nikala, nikanyamaza, ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo wazee wakihesabu makaburi, watoto hao hawamo. Mzee Dena hakudanganya. Pale ofisini aliyedanganya ni mmoja, mimi, kwa sababu mimi nilikuwa nakusikia asubuhi ukienda kule nyuma ukimsalimia.

Chifu akasema, "Ngumbao, mbona kimya? Au kuna mtu umemzika bila kibali?" Wazee wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikasema, "Hakuna, chifu." Akagonga muhuri. Kudanganya nimedanganya mara nyingi maishani, lakini kule kucheka, Mama Mwaro, ndiko kunakonirudia.

Tatu, Mama Monicah mwenyewe aliniuliza. Tulikuwa tumesimama mlangoni mwa jiko lako. Akasema kwa Kiswahili chake cha bara, "Baba Mwaro, niambie tu ukweli. Hapa hakuna mtu amelala? Mimi siwezi jenga juu ya mtu wa wenyewe." Nikamwambia, "Mama, jenga ulale." Akanishukuru kwa mikono miwili.

Nne ni bodi ya ardhi. Walitaka uje useme kwa mdomo wako kwamba umekubali. Nikawaambia mguu umekuvimba, huwezi kupanda gari. Niliogopa ukifika watausoma mkataba mbele yako. Wakaipokea ile karatasi ya sahihi. Mmoja akasema, "Mpe pole mama." Nikasema zimefika.

Sasa nikwambie jambo moja nililolifanya vizuri, maana lipo moja. Siku ya pili baada ya kukuandikia ule uongo nilikwenda Takaungu. Nikakuta mafundi wametia vigingi na kamba pa kuchimba choo, pale pale. Pale pale, Mama Mwaro! Mkubwa wao anaitwa Njoroge. Nikamwambia, "Fundi, hapa chini kuna mwamba, mtavunja sururu bure. Sogeza hatua sita kuelekea ua wa kina Viola."

Akanitazama. "Mzee, si ni wewe uliuza? Sasa umeuza ng'ombe na umerudi kuishikia kamba?" Wenzake wakaangua kicheko.

Nikacheka nao, nikampa ya soda. Aking'oa vigingi mimi nahesabu hatua, moja mpaka sita. Sikumwambia kwa nini, niliona haya. Lakini wamechimba pengine na yeye hajaguswa. Hilo moja lishike.

Sikuombi msamaha. Nimeandika kwa sababu umeniambia niandike, na kwa sababu nimechoka kuwa peke yangu na haya.

Ngumbao

*

Mtwapa, 24 Februari 2025

Ngumbao,

Nimesoma. Hayo mengine nitayabeba baadaye.

Umeandika "pale pale". Nani alikuonyesha?

Siku ile hukuwepo. Tulikuwa watatu: mimi, mama yako, na hawe Kahonzi. Mama yako amekufa bila kukwambia. Mimi nilikwambia nyuma ya jiko, basi, na nyuma ya jiko ni uwanja mzima. Nani alikuonyesha?

Nijibu hapo hapo. Nimemwambia Cynthia asiondoke mlangoni kwako bila karatasi.

Zipporah

*

Ngomeni, 25 Februari 2025

Mama Mwaro,

Cynthia amekaa hapa nje juu ya ndoo, naandikia gotini.

Hakuna aliyenionyesha. Nilijionea mwenyewe. Ulipokuwa ukifagia kule nyuma palikuwa na mahali ulikuwa unaparuka. Ufagio ukifika pale unazunguka, unaendelea mbele. Miaka yote. Nikasema moyoni, ni hapo. Sikukuuliza kwa kuwa haiulizwi, lakini nilipajua kama ninavyoujua mlango wa nyumba. Ukienda sokoni nilikuwa nasimama pale kidogo. Mwaro alipofaulu mtihani wa darasa la nane nilikwenda pale nikamwambia dada yake. Hili sijawahi kumwambia mtu.

Hapo ndipo walipokuwa wametia vigingi. Nikasogeza.

Niambie ni hapo. Niandikie neno moja tu, ni hapo. Na nikija unionyeshe kwa mkono, angalau mara moja, nipige magoti mahali penyewe kama baba wa watu wengine.

Cynthia ananihimiza.

Ngumbao

*

Takaungu, 4 Machi 2025

Ngumbao,

Si hapo.

Pale nilipokuwa naparuka ndipo nilipokuwa namwaga majivu ya moto. Nilikuwa naogopa kuunguza ufagio. Miaka yote hiyo umesimama unazungumza na majivu.

Jumamosi nilikwenda na hawe Kahonzi, Viola amemshika mkono. Hawe haoni vizuri siku hizi. Alitafuta jiwe la pembe ya jiko kwa mguu mpaka akalipata, akageuka, akaanza kutembea anahesabu kwa Kigiriama, polepole, na sisi nyuma yake. Nilijua anakokwenda kabla hajafika. Nilitaka kumwambia basi hawe, inatosha, lakini nikamfuata. Akafika ukingoni mwa shimo akanyoosha mguu mbele, akakuta hakuna ardhi. Yule fundi Njoroge akamdaka kanga. Hawe akaketi pale pale ukingoni, akavua viatu.

Shimo lina futi kumi na mbili. Kwenye vigingi vya kwanza wangemwacha. Wewe ndiye uliyewahesabia hatua mpaka juu yake.

Nikauliza udongo wake uko wapi. Njoroge hakujua kitu bado, akajibu kwa furaha ya kazi yake, "Ulikuwa udongo mzuri, mama. Tumeshindilia sakafu nao." Sakafu ya sebule.

Mama Monicah alikuwa amekuja kukagua. Ilibidi nimwambie mimi, kwa kuwa wewe ulikuwa huko kwenye chumvi yako. Sikuwa na lugha nzuri. Nilimwambia, "Mama, hicho choo chako na hiyo sebule yako ni mwanangu." Akakalia mifuko ya simiti. Akasema, "Nilimuuliza. Nilimuuliza na hii mdomo yangu." Nikasema najua, ameniandikia.

Halafu akasimama, akawatoa mafundi wote mpaka barabarani. Njoroge alikuwa analia, akataka kubaki atusaidie. Hawe akamwambia, "Nenda baba, hii si kazi ya wanaume. Nyinyi mmeshafanya yenu." Viola akaita wenzake, tukafika wanawake kumi na mmoja. Tukaifukua ile sakafu, karai kwa karai. Mama Monicah alivua viatu vyake vizuri akabeba kama sisi, na mgongo wake mbovu. Mapenzi alikuwa mdogo mno, hatukuweza kujua udongo upi ni yeye na upi si yeye. Basi tukauchukua wote. Siku mbili. Hakuna aliyeimba.

Tumempeleka pengine. Wanawake wote waliokuwepo wanapajua, na Mama Monicah anapajua. Wewe hutaambiwa. Na usiseme ni mila. Mila ilikuzuia kuuliza, haikunizuia mimi kukwambia nikitaka, na miaka yote hii nilikuwa nangoja tu siku utakayoniuliza. Sasa sitaki.

Shamba ni la Mama Monicah. Wakili anasema kwa barua yako ya tarehe ishirini naweza kuyavunja mauzo, na wewe ushtakiwe kwa kiapo cha uongo. Easter ameiomba mara mbili. Sikumpa. Shamba nitarudishiwa la nini sasa? Na kwa upande wako usidhani ni huruma. Ukifungwa watu watakuletea uji, watakuita maskini, na mchungaji atakuja kukushika bega. Kaa huko nje.

Usiniandikie kuomba kitu chochote.

Mama Mapenzi

*

Kilifi, 9 Aprili 2025

Mama Mapenzi,

Siombi kitu. Nakuarifu tu.

Leo bodi ya ardhi ilikuwa inakaa. Nilitoka Ngomeni na gari la kwanza, nikakaa kwenye benchi na wenye mafaili mpaka zamu yangu. Mezani walikuwa wazee watano na mama mmoja. Nikasimama nikasema mimi ni Ngumbao Mwaro wa Takaungu. Mwaka jana nililetea bodi hii kiapo kwamba shamba langu halina kaburi, na kile kiapo kilikuwa cha uongo. Lilikuwepo kaburi la mwanangu. Na mke wangu hakuwa na mguu mbaya, nilimficha mkataba. Nikawaambia waandike, na kama ni polisi wawaite, mimi nipo.

Mwenyekiti akapekua faili. Akasema, "Mzee, hapa mauzo yameshapita. Mnunuzi halalamiki, mkeo halalamiki. Wewe muuzaji unalalamika nini?"

Nikasema silalamiki, nataka iandikwe.

Akamwashiria karani. Karani akashika kalamu, akaniuliza jina la marehemu. Nikasema Mapenzi. Umri, nikasema miezi minne. Akauliza, "Na kaburi lenyewe liko upande gani wa shamba?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Lilikuwa nyuma ya jiko. Sasa limehamishwa. Lilipokuwa nimepajua limeshachimbwa, na lilikohamishiwa sijui."

Mmoja akasema, "Baba mzima wewe, hujui mwanao alipolala?" Wakacheka, kicheko kile kile cha ofisini kwa chifu. Mwenyekiti anagonga meza watulie na yeye mwenyewe anacheka. Akasema, "Nenda kamuulize mama watoto, urudi mwezi ujao."

Nikasema, "Sitamuuliza."

Mwisho wa meza palikuwa na mzee mmoja, Mgiriama mwenzetu, yeye hakucheka. Alikuwa amevua miwani anaifuta kwa shati. Akasema kama anajisemea, "Mimi ninao wawili. Wa kwanza na wa nne. Sijui walipo."

Yule aliyeniita baba mzima akainamia karatasi zake. Aliyekaa kando yake akainua kidole kimoja, hivi, mbele ya kifua, kwamba naye anaye mmoja, akakishusha. Yule mama wa bodi akawatazama mmoja mmoja, wote watano.

Karani bado ameshika kalamu hewani. Akauliza, "Mwenyekiti, niandike nini?"

Mwenyekiti akasema aingie mwenye faili linalofuata.

Ngumbao